Sala kwenye shule za serikali: namna ya kuzipanga bila kugombanisha watu (kwa sisi wa Mwanza na visiwani)

Kila mwaka mitihani ikikaribia lile swali linarudi kwenye magrupu ya wazazi, eti sala ziruhusiwe shule za serikali au zipigwe marufuku, na watu wanarushiana voisi mpaka saa 6 usiku. Mi naona swali lenyewe limekaa kushoto. Huku kwetu sala zipo tayari, toka Igoma mpaka Buhongwa, toka Kirumba mpaka Ukerewe huko, kipindi cha dini kipo kwenye ratiba, ustaadhi anaingia, katekista anaingia, watoto wana vikundi vyao vya dini, UKWATA, TYCS na CASFETA vya Wakristo, TAMSYA cha Waislamu. Kinachogombanisha watu ni vile zinavyopangwa, au tuseme vile hazipangwi kabisa, kila mkuu wa shule akihamia anakuja na la kwake na akiondoka anaondoka nalo.

Kwa hiyo hii ni kwa walio kwenye kamati za shule za msingi na bodi za sekondari, walimu wa malezi, na mzazi yeyote aliyechoka na kelele. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: shule itoe mda na itoe sehemu, basi. Maneno ya sala yasitoke kwa mwalimu mkuu wala kwa mwalimu wa zamu, yatoke kwa mtoto mwenyewe na watu wa imani yake. Ukishika hilo mengine yote huko chini yanajipanga.

Kabla ya kikao, beba Katiba

Sio utani, printi kurasa mbili za Katiba ya 1977 uingie nazo kikaoni. Ibara ya 3 inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani na inasema kufanya ibada na kueneza dini ni jambo huru na la hiari ya mtu binafsi, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini upo nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Zisome zote mbili kwa sauti, kwa sababu kikaoni lazima watakuwepo watu wa aina mbili, mmoja atashika ibara ya 3 aseme basi sala zote zitoke, mwingine atasema mbona Wimbo wa Taifa wenyewe ni sala toka mstari wa kwanza na Bunge linaanza na dua kila siku ya kikao, kwa hiyo tusali wote asubuhi na asiyetaka ahame shule. Wote wawili wamesoma nusu nusu. Ule msemo wa siku zote kwamba serikali haina dini ila watu wake wana dini ndo unabeba ibara zote mbili kwa pamoja.

Alafu kuna kesi ambayo watu wengi hawaijui na ni ya hapa hapa nchini. Wanafunzi Mashahidi wa Yehova wa sekondari moja kule Mbozi walisimamishwa masomo na wengine kufukuzwa kwa sababu hawakuimba Wimbo wa Taifa, walikuwa wanasimama kimya wenzao wakiimba. Wakaenda mahakamani na mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ikawapa haki. Sasa jiulize, kama mtoto anaweza kunyamaza kwenye Wimbo wa Taifa kwa ajili ya imani yake na shule haiwezi kumfukuza, utamlazimishaje kufumba macho na kuitikia amina mstarini? Hii kesi inamaliza ubishi mwingi sana, itaje mapema.

Yupo pia wa tatu, yule wa "mbona Marekani wamekataza". Mjibu kwa upole kwamba sivyo. Kesi ya 1962 iliyoitwa Engel v. Vitale ilihusu sala ya maneno 22 iliyotungwa na bodi ya elimu ya jimbo la New York, mtoto asiyetaka aliruhusiwa kunyamaza au kutoka nje, na bado Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kutunga sala sio kazi ya serikali. Mtoto kusali mwenyewe hakukatazwa na hakujawahi kukatazwa kule. Mwaka 2022 mahakama hiyo hiyo ikampa haki kocha wa shule aliyekuwa anapiga magoti uwanjani kusali baada ya mechi, na mpaka leo wanabishana. Ufaransa ndo wamebana kweli, sheria yao ya 2004 imezuia hijabu na misalaba mikubwa kwenye shule za umma. Sisi hatujafika huko na sioni sababu ya kufika, hijabu zinavaliwa na watoto wanasoma.

Usihesabu watoto mstarini

Hapa ndo wengi wanaharibu siku ya kwanza kabisa. Mwalimu anasimama mbele anasema Waislamu kushoto, Wakristo kulia, alafu Wakristo wanagawanywa tena, Wakatoliki huku, AIC huku, Wasabato kule, walokole nyuma, na pale katikati wanabaki watoto watano sita wanaangalia viatu vyao kwa sababu hawajui waende wapi. Nchi yenyewe haijauliza dini kwenye sensa toka ile ya 1967, na makarani wa sensa walikuwa watu wazima na madaftari yao, we unauliza watoto wa darasa la pili mbele ya wenzao?

Fanya hivi. Mwezi wa kwanza mtoto anapoanza, kwenye karatasi ile ile ya taarifa za mzazi weka mistari miwili, ajaze mzazi nyumbani. Mimi ningeandika hivi:

"Wakati wa kipindi cha dini napenda mwanangu awe kwenye kundi la: ............ (au andika: HAPANA, akae maktaba / darasani asome). Naelewa naweza kubadilisha wakati wowote kwa kuleta ujumbe shuleni."

Hilo neno hapana ni la muhimu kuliko yote kwenye hiyo karatasi. Wapo wazazi wasio na dini za kanisani wala msikitini, usisahau tupo Usukumani, kuna familia mambo yao ni mizimu ya babu zao na hawaoni aibu, kuna ambao baba Muislamu na mama Mkatoliki na bado wanajadiliana wenyewe. Kuna Wahindu na Masingasinga pale mjini. Mtoto wa hapana asipewe kazi ya kufagia wakati wenzake wanasali, hiyo ni adhabu hata kama hujaiita adhabu. Apewe kitabu na mwalimu wa kukaa naye.

Sekondari ni tofauti kidogo, kijana wa form three ana akili zake, ila karatasi ya mzazi iwepo hivyo hivyo, na kijana akitaka kubadilisha kundi ongea na nyumbani kwake kwanza. Mtoto kubadili dini akiwa shuleni bila mzazi kujua ndo kitu kinacholeta wazazi na mapanga getini, samahani kwa lugha.

Mda, na hapa fanya hesabu ya Mwanza sio ya Dar

Shule nyingi zimekopi ratiba kutoka kwingine ndo maana kila siku kuna ugomvi wa Adhuhuri. Sisi tupo magharibi ya Dar, jua la utosini linatufikia kama dakika 25 baada yao. Kwa Mwanza Adhuhuri inaingia kati ya saa 6 na nusu mchana na saa 7 na dakika chache, inategemea mwezi, Novemba inawahi na Februari inachelewa. Na mda wake hauishi mpaka Alasiri inapoingia karibu na saa 10. Maana yake nini, maana yake mtoto ana kama masaa matatu ya kuswali Adhuhuri, kwa hiyo hakuna haja ya kukatisha kipindi cha hesabu wala mwalimu kukasirika, mapumziko ya chakula cha mchana yanatosha kabisa kama yamewekwa baada ya saa 7. Ukiyaweka saa 6 kamili ndo umeanzisha vita bure. Alasiri inawahusu wanaobaki tuisheni na wa bweni, dakika 10 tu zinatosha.

Ijumaa ni habari nyingine maana ile ni ya jamaa msikitini. Kaa na imamu wa msikiti wa karibu mkubaliane saa ya kutoka na saa ya kurudi, iandikwe, na kiranja mmoja awe na orodha. Sio kila kijana anayeaga anaenda Ijumaa wanafika msikitini wote, wengine unawakuta mwaloni wanaangalia dagaa wanashushwa, hilo kila mwalimu analijua. Tatizo hilo ni la utoro, litibu kama utoro, usifute ruhusa ya wote. Na kwa walimu: siku ya Ijumaa kati ya saa 7 na saa 8 usiweke jaribio. Wala usifundishe mada mpya. Weka kipindi cha dini cha wengine mda huo huo, kila mtu yupo kwake na hakuna aliyepitwa na somo. Shule za mjini zenye zamu mbili hili ni gumu kwa sababu zamu ya mchana ndo inakuwa imeanza, hapo peleka michezo au usafi saa hiyo na masomo yaanze wakisharudi.

Wasabato tusiwasahau, huku Kanda ya Ziwa ni wengi sana hasa ukielekea Mara. Sabato inaanza Ijumaa jua likizama, na Mwanza linazama kati ya saa 12 na dakika 40 hivi na saa 1 na dakika 10 usiku. Kwa shule ya bweni maana yake prepu ya Ijumaa usiku iwe ya hiari kwao, na Jumamosi wasipangiwe kufyeka majani wala mitihani ya majaribio, wafyeke Jumapili wenzao wakiwa kanisani. Ukiwapangia vizuri hamna atakayelalamika, na Jumapili shule inakuwa na watu wa kufanya kazi, faida ya wote.

Ramadhani: usimpe aliyefunga adhabu ya kukimbia, usimpigie kelele asiyefunga. Imeisha hiyo.

Sehemu, na habari ya maji

Darasa linatosha. Usijenge msikiti wala kanisa ndani ya shule ya serikali, hata mfadhili akija na mabati na saruji, mwambie ajenge matundu ya vyoo, vinatumiwa na dini zote. Madarasa mawili matatu yaliyo mbali mbali, mkeka unaotunzwa ofisi ya mwalimu wa malezi, na sauti isizidi ya kipindi cha kawaida. Spika hapana. Kibodi na ngoma hapana saa za masomo, mapambio yapigwe kwa makofi.

Maji ya udhu ndo nataka tukae nayo kidogo, hasa shule za ufukweni na visiwani, Ukerewe, Sengerema, Magu, mpaka Ilemela kule pembezoni. Nimeona watoto wanaambiwa "kachukueni udhu ziwani" wanateremka wanajaa mpaka magotini. Jamani kichocho! Ziwa letu lina kichocho, vile vijidudu vinatoka kwa konokono wa majini na vinapenya kwenye ngozi ya kawaida tu, haihitaji kidonda, na udhu ni mikono mpaka kwenye viwiko, miguu, uso, na kusukutua. Mnagawa dawa za kichocho darasani alafu mnawarudisha kwenye maji yale yale. Kama shule haina bomba, teka maji uyaweke kwenye pipa lenye mfuniko na uhakikishe hamna konokono, yakae siku mbili ndo yatumike, vile vijidudu havidumu mda wote huo vikikosa mtu wa kumwingia. Mapipa mawili yanapokezana, leo unatumia hili lile linakaa. Na hakuna ulazima wa ndoo nzima kwa mtoto, birika moja dogo linatosha udhu wa mtu na ustaadhi mwenyewe atakuambia kufuja maji kwenye udhu hakupendezi. Hayo yote ni kabla hata hatujaongelea viboko na mamba.

Ubatizo wa ziwani vile vile, kanisa linalotaka kubatiza vijana ziwani lifanye siku yake na wazazi wao, sio safari ya shule.

Nani aingie darasani

Kila anayeingia kufundisha dini alete barua kutoka kanisani kwake au msikitini kwake yenye mhuri, na mkuu wa shule aijue sura yake. Nabii wa kujitegemea aliyefungua huduma mwezi uliopita hapana, sio dharau, ni kwamba akikosea hakuna wa kumuuliza. Mwalimu wa shule akae humo humo darasani au mlangoni, mda wote, haijalishi padri, shekhe wala mchungaji anaheshimika kiasi gani. Hakuna mtoto kuitwa pembeni peke yake kuombewa. Hakuna sadaka, hakuna kuuza maji wala mafuta wala vitambaa. Na hakuna kusema dini ya mwenzako ni ya uongo, ile mihadhara ya kulinganisha vitabu ina sehemu zake huko viwanjani kwa watu wazima wanaopenda, darasa la nne sio sehemu yake. Akivunja mara ya kwanza anaonywa mbele ya mwalimu wa malezi, mara ya pili barua inarudi alikotoka.

Mstarini asubuhi

Najua hapa sitapendwa. Utaratibu unaopendwa ni ule wa zamu, leo anasali Mkristo kesho Muislamu, watu wanasema ni haki sawa. Kwenye karatasi inapendeza lakini angalia inavyoenda, zamu zinaruka, mwalimu wa zamu akiwa wa upande fulani sala inakuwa ndefu, watoto wa upande mwingine wanachekeana, na yule wa hapana hana siku yake kabisa. Ningekuwa na uwezo mstarini ibaki Wimbo wa Taifa, matangazo, na dakika moja ya kimya, kila mtoto aseme na Mungu wake moyoni au ahesabu mawingu juu ya Bugando. Dakika moja kweli, ya saa, sio sekunde kumi. Kama kamati yenu imeng'ang'ania sala ya zamu basi angalau iwe fupi, asisali mwalimu, na aliyesimama kimya asiguswe na fimbo ya mtu.

Maombi ya mtihani

Darasa la saba wana mtihani Septemba, form four Novemba, na wiki za kabla yake hakuna anayeweza kuzuia maombi, wala usijaribu. Yapange tu. Siku moja baada ya masomo, kila kundi chumba chake, saa ile ile, nusu saa, wazazi wakaribishwe. Baada ya hapo wote wanakutana kwenye chai na mandazi ama uji, na mwalimu wa taaluma anasema maneno ya mwisho kuhusu kalamu, namba ya mtihani na kulala mapema. Mchango wa maombi usiwe wa lazima na usichanganywe na mchango wa chakula kwenye risiti moja, huo mchanganyiko ndo unaofikishwa halmashauri kama malalamiko. Kalamu za kuombewa zikija, wapeni wazazi wenyewe mlangoni.

Wakianguka

Hili limekuwa likitokea shule nyingi, msichana mmoja anapiga kelele anaanguka, dakika tano wameanguka saba, mnasikia mapepo, na mtu keshapiga simu kwa mchungaji na mwingine kwa shekhe na wote wanafika na boda. Ninayosema hapa yanaweza kuokoa mtu kwa hiyo soma taratibu.

Kwanza watawanye watazamaji. Hofu inaambukiza kwa kuona na kusikia, kadri watoto wanavyojazana kuangalia ndivyo wengine wanavyoanguka. Walioanguka watenganishwe, kila mmoja sehemu yake yenye hewa, na mwalimu wa kike mtulivu, legeza tai na mkanda, asishikwe kwa nguvu, asipigwe, asimwagiwe maji, asiwekewe kitu mdomoni. Ukiona anajigonga au ameumia au hazinduki, zahanati mara moja, inaweza kuwa kifafa, malaria, au hajala toka jana. Piga simu kwa mzazi. Mzazi akitaka kumpeleka kwenye maombi au dua ni haki yake, ampeleke kwake, ila maombi ya kukemea pepo kwa spika katikati ya uwanja wa shule yanaongeza wanaoanguka, hilo waliowahi kuliona wanalijua. Alafu siku zinazofuata tafuta kinachowasumbua kimya kimya, bweni limejaa kupita kiasi, mtihani, mwalimu anayewasumbua mabinti, njaa.

Na jambo la mwisho kwenye hili, usiruhusu mtu yeyote awe mtumishi, mwalimu au mganga ataje jina la "aliyewatuma". Sisi ni watu wa Kanda ya Ziwa, tunajua vikongwe wangapi wamekatwa mapanga kwa sababu tu ya macho mekundu, na macho yale ni moshi wa jikoni. Mtoto akipiga kelele jina la bibi wa jirani, mwalimu aliyepo asilirudie, asiliandike kwenye grupu, na kama kijijini wameshalisikia mwambie mwenyekiti wa mtaa au kijiji na polisi siku hiyo hiyo kabla giza halijaingia.

Malalamiko yapite wapi

Yaandikeni kwenye ubao wa matangazo, mzazi anaanza kwa mwalimu wa malezi, akishindwa anaenda kwa mkuu wa shule, alafu kamati au bodi, alafu afisa elimu kata, alafu halmashauri. Malalamiko yawe kwa maandishi, yataje siku na kilichotokea, yajibiwe kwa maandishi. Kwenye grupu la WhatsApp la wazazi admini aweke sheria moja tu kwamba habari ya dini ya mtoto wa mtu haijadiliwi humo, na anayeleta klipu za mihadhara anatolewa siku hiyo, arudishwe muhula ukifunguliwa.

Karatasi za wazazi zifungiwe ofisini, asizione mwalimu asiyehusika, na Januari mnazitoa upya kwa wote sio wageni tu, maana ndani ya mwaka watu wanaoa, wanahama, wanaokoka, wanasilimu, na kuna watakaofuta walichoandika na kuweka hapana.